Chawa, Samoni na Taa Tatu za Norwei

Dhara lisiloonekana kwa macho ndilo gumu kuliko yote kulihukumu, na katika hori ndefu za Norwei, zile ziingiazo baina ya milima kwa makumi ya kilomita, dhara la namna hiyo ni lile la chawa wa samoni. Kwani samoni mchanga atokaye mtoni wakati wa machipuko kuelekea bahari kuu hafi mbele ya mtu, wala mzoga wake haufiki pwani, bali hupotea tu, na baada ya mwaka mmoja au miwili mitatu hesabu ya mtoni huja pungufu. Tangu mwaka 1970, ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt walipotia samoni kizimbani katika kisiwa cha Hitra, ufugaji huu umekua hata ukapita tani 1,200,000 kwa mwaka, ilhali samoni wa asili warudio mitoni, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni moja, wamepungua hadi takriban nusu. Upungufu huo una sababu nyingi. Shauri lilikuwa ni kujua fungu la vizimba ni lipi, na litapimwa kwa mizani gani.

Chawa huyu ni wa jamii ya kaa na kamba, na chakula chake ni ute, ngozi na damu ya samaki. Jike hukokota nyuzi mbili za mayai, kila uzi una mamia, na watoto wakishaanguliwa huelea na mkondo kwa siku kadhaa kabla ya kuweza kushika mwili wa samaki, muda utoshao kuwafikisha makumi ya kilomita kutoka walikozaliwa. Zamani majira ya baridi yalikuwa kinga, kwa kuwa samoni wa asili walio wengi huwa mbali baharini wakati huo, na chawa aliyebaki horini hukosa wa kumnyonya. Vizimba viliiondoa kinga hiyo: sasa hori ina samaki mwaka mzima, kwa mamia ya maelfu mahali pamoja, na makinda wa mtoni hukuta adui aliyekwisha zaliana akiwangoja njiani.

Kanuni ya kwanza ya serikali ilimpima samaki aliyefugwa. Mfugaji huhesabu chawa katika baadhi ya samaki wake na kupeleka hesabu kila wiki, na wastani wa majike waliokomaa haupaswi kufika nusu chawa kwa kila samaki. Tangu mwaka 2017, katika wiki za machipuko makinda wapitapo, kiwango kimeshushwa hadi 0.2. Ni kanuni iliyo wazi, walakini ina kasoro ya hesabu: kizimba kimoja kinaruhusiwa samaki 200,000, kwa hiyo mfugaji mtiifu asiyevuka 0.2 aweza kuwa na majike 40,000 katika kizimba kimoja, na akiongeza vizimba, chawa huongezeka pasipo sheria kuvunjwa. Wastani ulikuwa mzuri kila mahali, na hori ikajaa.

Hapo ndipo ulipokuja utaratibu uitwao wa taa za barabarani, ulioanza mwaka 2017, nao ulikihamisha kipimo kutoka kwa samaki wa kizimbani hadi kwa yule wa asili. Pwani yote iligawanywa maeneo 13, na kwa kila eneo wataalamu hukadiria ni makinda wangapi katika mia wanaouawa na chawa. Ushahidi wao hutoka pande kadhaa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari iliyoko Bergen ina kielelezo cha hesabu kinachochukua idadi ya chawa vizimbani, joto la maji, chumvi na mikondo, kikaonyesha watoto wa chawa watapelekwa wapi. Nyavu hukokotwa horini kuwakamata makinda wenyewe. Na makinda wengine huwekwa katika vizimba vidogo vya uchunguzi, kisha huhesabiwa waliopandwa na chawa.

Kinda akishatolewa wavuni hupimwa uzito, na chawa wake huhesabiwa mmoja mmoja, kwani hukumu yake hutegemea chawa kwa kila gramu. Akiwa na chini ya 0.1 kwa gramu huhesabiwa kuwa atasalimika, akizidi 0.3 huhesabiwa amekwisha kufa, ijapokuwa bado anapapatika mkononi. Kwa kinda wa gramu 20, hiyo ni tafauti ya chini ya chawa wawili na zaidi ya sita. Makadirio haya yana shahidi mwingine: makinda waliozalishwa na watu hutiwa alama, nusu yao hupewa dawa ya kuwakinga na chawa, wakaachiwa pamoja, na warudipo wakiwa wakubwa makundi mawili hulinganishwa, pengo lililopo baina yao ni kazi ya chawa, si ya bahari kwa jumla.

Vifo vikiwa chini ya asilimia 10, taa ni ya kijani na uzalishaji waweza kuongezwa asilimia 6. Baina ya 10 na 30, ni ya manjano na hapaongezwi kitu. Vikizidi 30, ni nyekundu, na uzalishaji hupunguzwa asilimia 6. Neno la mwisho ni la wizara, nayo mwaka 2020 ilipunguza kwa mara ya kwanza katika maeneo ya magharibi. Wafugaji walishitaki, wakidai kwamba si insafu mtu kuadhibiwa kwa chawa wa jirani, na mwaka 2021 mahakama ikaipa haki serikali. Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa ya adili, kwa sababu chawa aliyekwisha ingia mkondoni hana mwenyewe anayeweza kutajwa, na maji yakiwa ya shirika, dhamana nayo haina budi kuwa ya shirika.

Lawama iliyo nzito zaidi iko kwingine. Ili kushusha hesabu, na kwa kuwa chawa wamekwisha zoea dawa, wafugaji huwapitisha samaki katika maji ya moto au huwapiga kwa maji ya nguvu, na wengi huumia au kufa. Mfugwa hulipa ili wa asili apite. Tena taa hizi hupima dhara moja tu. Samoni wa kizimbani, aliyechaguliwa tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya kukua upesi, akitoroka huzaa mtoni na wa asili, na dhuria yao hawahimili maisha ya mwituni kama wazee wao. Vipimo vya nasaba vimeonyesha dalili ya mchanganyiko huo katika takriban thuluthi mbili ya jamii za samoni zilizochunguzwa nchini humo. Eneo laweza basi kuwaka kijani kwa chawa huku damu ya mito yake inaharibika, na mwenye vizimba akaongezewa asilimia 6 kwa haki kabisa.

Mwaka 2021 samoni wa Norwei aliingizwa katika orodha ya viumbe wanaokaribia hatari, na kiangazi cha 2024 mito 33 ilifungwa isivuliwe samoni kwa uchache wa waliorudi. Utaratibu wa taa umethibitisha kwamba dhara lililofichika baharini laweza kuhesabiwa na kutiwa katika sheria. Lililobaki ni kuhesabu kwa mizani ile ile utoro wa samaki na mauti ya vizimbani, kabla ya taa yoyote kuruhusiwa kuwaka kijani.