Mcheza Kwao Hutunzwa? Waulize wa Kamirithu

Soma ombi lolote la ufadhili la kituo cha sanaa mtaani na utakutana na sentensi ileile: kituo kitawaepusha vijana na uhalifu na dawa za kulevya. Mimi hiyo sentensi siipendi. Inaanza kwa kutushuku. Na siku ripoti ikionyesha vijana wametulia, mfadhili anaenda zake na ukumbi unarudi kukodishwa kwa harusi.

Kuna kituo kimoja tunapenda kukitaja bila kukiangalia vizuri: Kamirithu, pale Limuru, safari fupi tu kutoka Nairobi. Tunakikumbuka kwa sababu Ngũgĩ wa Thiong'o alifungwa. Sawa. Lakini ukiishia hapo, Ngũgĩ anakuwa stori nzima na wenyeji wanabaki umati tu wa nyuma.

Mambo yalianza na mwanamke wa kijiji. Mwaka wa 1976 alienda nyumbani kwa Ngũgĩ, wakati huo mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akamuuliza mbona yeye na wasomi wenzake hawaleti hiyo elimu yao kijijini. Akarudi tena na tena mpaka akasikizwa. Palikuwa na kituo cha vijana kilichochakaa, wakakifufua. Wakaanza na masomo ya ngumbaru, kisha wakaingia kwenye mchezo: Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ulioandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuongozwa na Kimani Gecau.

Faida yenyewe naiona hapa. Muswada ulisomwa mbele ya wanakijiji na wanakijiji wakausahihisha: mzee haongei hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Mazoezi yalifanyika hadharani, na jukwaa la kukalisha watu kama 2,000 walilijenga wenyewe. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani, wengine wametoka tu kujifunza kusoma, walikuwa wanamrekebisha mkuu wa idara. Kwa mtu kama mimi, niliyeacha chuo kabla ya kumaliza, hiyo picha ina uzito wake. Cheti chako pale kilikuwa kwamba umeyaishi maisha yanayoigizwa.

Na yalikuwa maisha yao kweli. Kiguunda, kibarua, ana shamba la ekari moja na nusu na hatimiliki yake ameitundika ukutani. Tajiri wake, Kioi, anamshawishi afunge ndoa ya kanisani. Kiguunda anachukua mkopo wa benki kwa dhamana ya shamba, na mwishowe shamba linapigwa mnada. Ukiusoma peke yako kitabuni, mchezo huu una mahali unahubiri sana. Matajiri ni wabaya tangu wanapoingia, na hotuba za mwisho zinachosha. Lakini hukumu hiyo ni ya msomaji aliyekaa kitini peke yake. Pale Limuru maneno hayakuwa mahubiri ya mwandishi kwa watu, maana watu walikuwa wameshatia mkono wao ndani.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kufikia 16 Novemba kibali kilikuwa kimefutwa, na mwaka haukuisha kabla ya Ngũgĩ kukamatwa na kuzuiliwa bila mashtaka. Mwaka wa 1982 kikundi kilirudi na Maitũ Njugĩra, safari hii na nyimbo za lugha za jamii kadhaa. Wakafungiwa mlango wa Kenya National Theatre, wakahamia chuo kikuu, na maelfu wakaja kutazama mazoezi tu. Machi mwaka huo polisi wakaenda Kamirithu wakalibomoa jukwaa.

Serikali haibomoi kitu kwa sababu kinawaepusha vijana na uhalifu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walitumiwa polisi.

Najua kuna faida za kawaida. Msee anajifunza gita, dadake anapata soko la picha zake, mtoto anapata mahali pa kukaa baada ya shule. Sizidharau, landlord halipwi kwa nadharia. Lakini hizo zinaweza kupatikana hata kwa kituo ambacho wenyeji ndani yake ni wageni: wanapigiwa makofi, wanapigwa picha za ripoti, na uamuzi wa hadithi gani itasimuliwa unafanywa kwingine.

Kwa hivyo kituo kikifunguliwa kwenu, usiangalie tu mchoro wa ukutani. Uliza ufunguo unabaki na nani jioni. Uliza mikutano inaendeshwa kwa lugha gani. Uliza kama mama mboga wa hapo nje anaweza kuingia katikati ya mazoezi aseme, "Hapana, hapo mmedanganya," na mwongozaji asimamishe mchezo amsikilize.