Udugu Usioenea Kisandukuni: Uhakiki wa Nasaba katika Wiki ya Mtu Binafsi

Wiki ya mtu binafsi, ambayo haina uhusiano na juma la siku 7, ni mkusanyo wa kurasa ambazo mtu mmoja huziandika na kuziunganisha katika kompyuta yake. Kila jina huweza kupewa ukurasa wake, na popote jina hilo litajwapo huwa kiungo cha kumpeleka msomaji huko. Wako wanaoitumia kuhifadhi nasaba za koo zao. Swali linalowapasa wanaisimu na wahakiki ni hili: je, chombo hiki huueleza udugu kama wenyewe wanavyouishi, au huupunguza ili uenee kisandukuni?

Asili ya chombo chenyewe ina funzo. Mmarekani Ward Cunningham alipoanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, aliazima neno la Kihawai lenye maana ya haraka. Ni Wahawai hao hao ambao Lewis Henry Morgan, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya mifumo ya udugu, aliwatolea mfano wa lugha isiyomtenga baba na ndugu zake: kwa Kihawai neno moja humtaja baba mzazi, ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kiume wa mama. Kiswahili kimeshika njia nyingine. Ndugu wa baba ni baba pia, mkubwa au mdogo. Ndugu wa mama ni mjomba. Kiingereza nacho huwakusanya hao wawili katika neno moja, kikambakiza baba mzazi peke yake. Basi hakuna orodha ya istilahi iwezayo kudai kuwa ni ya watu wote. Hata hivyo, kiolezo cha kawaida cha ukurasa wa nasaba hulitoa dai hilo bila kulitamka: huweka nafasi za baba, mama, mwenzi na watoto, kisha huishia hapo.

Kasoro ya kwanza ya kiolezo hicho ni kudhani kwamba istilahi ya udugu ni sifa ya mtu, ilhali ni sifa ya uhusiano baina ya msemaji na anayetajwa. Mke wa kaka ni wifi kwa dada wa mume, lakini kwa ndugu wa kiume wa mume ni shemeji. Ukurasa unaomwita wifi bila kueleza ni wifi wa nani umesema nusu ya neno. Hali kadhalika, baba mkubwa hatambulikani pasipo kujua nani alitangulia kuzaliwa. Kisanduku hutaka tarehe. Wazee wengi hawana tarehe, wana utangulizi. Anayebuni mwaka ili kukijaza ameingiza uongo, na anayekiacha kitupu ameipoteza habari ambayo ukoo mzima unaijua.

Kasoro ya pili yahusu ndoa ya wake wengi, na hapa hasara yaweza kupimwa. Kanuni ya GEDCOM, iliyotolewa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ili programu za nasaba ziweze kupashana habari, huipa kila familia nafasi moja ya mume, moja ya mke, na orodha ya watoto. Mwenye wake 2 huonekana katika familia 2. Uke wenza wenyewe hauna mahali, lakini angalau kila nyumba husimama peke yake. Kiolezo cha wiki kinachowaorodhesha watoto wote chini ya jina la baba huzifuta hata nyumba hizo. Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu cha 40, huzihitaji: mali ya mume wa wake wengi aliyekufa bila wasia, pamoja na vyombo vya nyumbani, hugawanywa kwa nyumba, kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba pamoja na mjane aliye hai. Nyumba yenye watoto 4 na mama yao huhesabiwa 5. Yenye mtoto 1 na mama yake huhesabiwa 2. Orodha ya watoto 5 chini ya baba mmoja haiwezi kuonyesha mgao huo.

Kasoro ya tatu ni udugu usiotokana na uzazi wala ndoa. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mtoto aliyenyonyeshwa mara 5 kabla ya kutimiza miaka 2 huwa mwana wa kunyonya wa mwanamke huyo. Akiwa mvulana, hawezi kumwoa binti wa mama huyo. Wala kwa udugu huo hamrithi mama. Akiandikwa mtoto, atapewa urithi asiostahili. Asipoandikwa, jambo linalozuia ndoa litasahauliwa.

Lililo zito kuliko yote ni udugu unaobishaniwa. Katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, Mbega alizaliwa kigego, na kwa sababu hiyo jamaa zake walimnyima urithi. Kisanduku kingesema tu kwamba alikuwa mwana wa baba yake. Ni kweli, lakini kisa chote kimo katika ukweli huo kukubaliwa na huyu na kukataliwa na yule. Mwandishi wa habari hizo aliweza kulieleza jambo hili kwa sababu alikuwa na sentensi.

Yaweza kupingwa kwamba sentensi hazipangiki wala hazihesabiki kama visanduku. Pingamizi hilo lina uzito, lakini wiki haimlazimishi mtu kuchagua. Ukurasa waweza kuwa na orodha fupi ya matukio: nani alimzaa nani, nani alimtangulia nani, nani aliolewa katika nyumba ipi, nani alimnyonyesha nani. Chini yake ziandikwe sentensi za wito na madai, kila moja na jina la msemaji wake. Kinachohitajika ni mwandishi kukataa kuuacha msamiati wa kiolezo umwamulie nani ni ndugu. Wiki ya ukoo na ipimwe hivi: ndugu wawili wanaogombana waifungue, na kila mmoja akute dai lake limeandikwa kama alivyolisema.