Jicho la Mwenzako

Harusi zetu nyingi hupigwa picha mchana, chini ya turubai. Turubai likiwa la buluu, kila uso ulio chini yake huingia buluu: mashavu yanakuwa ya kijivu, midomo ya zambarau, na bi harusi aliyepambwa tangu alfajiri anaonekana mgonjwa. Mtu anayejifunza kuhariri picha hutafuta kwanza kitu cheupe, aielekeze programu kwamba huu ndio weupe, rangi nyingine zipimwe kwa huu. Anachagua kanzu ya bwana harusi. Nyuso za katikati zinapona hapohapo, lakini wajomba waliosimama ukingoni, walikopigwa na jua, wanageuka manjano. Akipima kwa kanzu za ukingoni, katikati panarudi buluu. Tena kanzu ya juani nayo si shahidi wa kuaminika, maana sabuni nyingi za unga huacha kwenye nguo kemikali inayopokea miale ya jua isiyoonekana na kuitoa ikiwa na ubuluu.

Hapo ndipo utamu wa kazi unapoanza. Picha ile ina mianga miwili, kwa hiyo inataka masahihisho mawili. Unainakili iwe matabaka mawili, moja unalisahihisha kwa ajili ya turubai, la pili kwa ajili ya jua, kisha unafuta la juu kwa brashi laini pale mianga inapokutana, begani mwa mtu au kwenye mkunjo wa khanga, mpaka mshono usionekane.

Lakini nani atakwambia kwamba mshono hauonekani? Macho yako hayawezi. Ubongo husahihisha rangi bila kutuuliza. Ndiyo maana karatasi nyeupe tunaiona nyeupe juani na chini ya taa ya njano vilevile. Uwezo huo unatufaa sana maishani, ila unamponza mhariri. Kaa na picha yenye ukijani kwa muda, na ukijani utakutoka machoni ilhali kwenye picha bado upo. Ndiyo maana naamini ufundi huu hujifunzwa vizuri zaidi kundini. Picha moja inatumwa kwa wote, kila mmoja anaihariri kwake, halafu zinarudi na kuwekwa pamoja. Mtu wa Mwanza anaandika, “Kaka, shavu la kulia limeingia kijani, umeliona?” Mwenzake wa Mombasa anauliza umefikaje pale, nawe unalazimika kueleza hatua kwa hatua jambo ambalo mkono wako ulikuwa ukilifanya tu. Katika kueleza huko unalielewa kwa mara ya kwanza.

Na macho yanayozoea si ya mtu mmoja tu. Kwa miongo kadhaa Kodak walisambaza kwenye maabara za picha kadi zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe, ili mafundi wapimie rangi kwa ngozi yake. Ngozi nyeusi ikabaki kuwa kivuli, na wengi wakaona ndivyo picha zilivyo. Leo kadi zile hazitumiki, lakini filta za simu bado zinalainisha na kung’arisha uso kana kwamba weusi ni kasoro ya mwanga. Mimi kumpausha mtu siuiti uhariri. Uzuri wa ngozi yetu kwenye picha uko katika mng’ao wa paji la uso na mfupa wa shavu ukiwa kando ya kivuli kizito. Picha ya kawaida ya simu ina ngazi 256 za mwanga katika kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Inua kidogo zile ngazi ulipo mng’ao, vivuli viache vilivyo. Ukiinua vyote kwa pamoja, uso unakuwa wa majivu na chengachenga zinajitokeza.

Vifaa si kikwazo kikubwa tena. Photoshop ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, iliingia sokoni mwaka 1990, na toleo lake kamili hulipiwa mpaka leo. Lakini mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kutengeneza GIMP, programu ya bure ambayo tangu hapo imekuzwa na watu wa kujitolea. Ina matabaka, ina brashi, na kazi ya turubai niliyoieleza inafanyika humo yote.

Basi wewe mwenye picha za harusi ya dada yako zilizolala kwenye simu, chagua moja iliyoharibika rangi. Hifadhi faili asilia pembeni usiiguse, fanyia kazi nakala, kisha wapelekee watu watatu unaowaamini. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize uso wa nani si wa rangi yake.