Chicha za Maneno

Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji, ikakamuliwa katika kifumbu. Mkamuo wa kwanza hutoa kasimele, tui zito lenye mafuta, ambalo mpishi huliweka kando lingoje mwisho wa mapishi. Mkamuo wa pili hutoa tui jepesi, nalo lina kazi yake njema. Mkamuo wa tatu hutoa maji yenye rangi ya tui lakini yasiyo na utamu wake. Baada ya hapo hubaki chicha, na mwenye haki juu ya chicha ni kuku wa uani. Sijapata kumwona mpishi, hata awe mvivu namna gani, aliyempakulia mgeni chicha akamwambia, "Karibu wali wa nazi." Lakini katika lugha jambo hili hutendeka mchana kweupe. Neno hukamuliwa mara elfu, utamu wake wote ukaisha, kisha likapakuliwa tena katika hotuba, katika magazeti, na hata katika salamu za jamaa, na wasikilizaji wakatakiwa washibe.

Nia ya insha hii ni kuyaonja maneno machache ya namna hiyo. Siyaonji kama mwanasarufi, kwa kuwa sarufi haina ugomvi nayo. Mengi ni maneno sahihi, yana wazazi wa halali, na yamo katika kamusi. Nayaonja kama mtu mwenye jamaa wengi, apendaye kula, na asikiaye maneno hayo hayo asubuhi katika redio, adhuhuri ofisini, na usiku nyumbani mbele ya sinia la wali.

Neno la kwanza ni changamoto. Udugu wake na changamka wasikika waziwazi: aliyechangamka ni mtu wa uso mkunjufu, na kichangamshacho ni kile kiuamshacho moyo uliolala. Kwa hiyo changamoto ilifaa kuwa jina la jambo limwitalo mtu asimame na kujaribu nguvu zake, kama mtihani mgumu kwa mwanafunzi hodari au mlima mrefu kwa mpandaji. Maana hiyo ni njema, na tui lake lilikuwa zito. Siku hizi, lakini, ukame ni changamoto, wizi ni changamoto, mvua ni changamoto, na kukosa mvua ni changamoto vilevile. Bomba likipasuka, mtaa mzima ukakaa siku nne bila maji, watu huambiwa kwamba kuna changamoto ya maji. Mgonjwa akienda kutafuta dawa asipate, huambiwa kwamba dawa zina changamoto.

Tazama hila ya usemi huo. Ukisema, "Hakuna dawa," msikilizaji atauliza papo hapo: Kwa nini hakuna? Nani aliyepaswa kuziagiza? Zitakuja lini? Ukisema kwamba kuna changamoto, maswali yote matatu hufa kabla ya kuzaliwa. Changamoto haina mwenyewe. Haikuletwa na mtu, wala haiondolewi na mtu. Ni kama upepo wa kusi, una majira yake. Mgonjwa hushukuru kwa kuelezwa vizuri, akarudi nyumbani na homa yake.

Neno la pili ni mchakato. Kuchakata ni kukipitisha kitu katika hatua zake mpaka kigeuke kuwa kingine. Mkonge huchakatwa ukawa nyuzi. Muhogo huchakatwa ukawa unga. Basi mchakato una mwanzo, una kati, na una mwisho uwezao kushikwa kwa mkono. Mchakato wa siku hizi una mwanzo tu. Ndugu yangu mmoja, karani kwa kazi na kwa tabia, alialika watu futari. Magharibi ikapita, wageni wakafungua kwa tende na uji, wakangoja. Mwenyeji akatoka jikoni akatangaza kwamba mchakato wa chakula unaendelea vizuri. Mjomba wetu, mzee wa miaka themanini, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, mihogo iko mekoni au ingali shambani?" Ikadhihirika kwamba mtungi wa gesi umekwisha na mtoto ametumwa mkaa. Habari hiyo haikuwa ya aibu hata kidogo. Kila nyumba imepata kuishiwa na gesi. Mara ilipotajwa kwa jina lake, wageni wawili waliinuka wakawasha jiko. Neno mchakato lilikuwa limewakalisha bure kwa nusu saa.

La tatu ni wadau. Dau ni fedha iwekwayo katika mchezo, na mdau ni mwenye fungu lake ndani ya jambo. Hatusemi juu ya dau lile jingine, chombo cha baharini, ingawa wahenga waliposema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, wangeweza kuwa wanazungumza juu ya mikutano yetu ya wadau. Neno hili lina mahali pake penye biashara. Lakini sasa limeingia katika ukoo. Shangazi yangu alipelekewa habari ya harusi iliyoandikwa, "Wadau wote mnaombwa kukamilisha michango yenu." Mama huyu ndiye aliyembeba bibi harusi mgongoni, akamlisha uji, akamfundisha kusuka ukili. Kiswahili kimemtengea jina lake na heshima yake. Lugha yetu ni tajiri mno katika jambo hili: tuna shangazi na mjomba, ami na binamu, wifi na shemeji, mavyaa na mkazamwana, na kila jina lina haki zake, utani wake na mipaka yake. Kumwita shangazi mdau ni kuyafuta yote hayo na kubakiza mchango wake. Mama yule alilipa, tena zaidi ya wengi, kisha akauliza kama katika karamu ataketi penye jamaa au penye wadau.

La nne si neno bali ni kifungu: mwisho wa siku. Kimevuka bahari kutoka Kiingereza, na kilipofika pwani hakikuuliza desturi za wenyeji. Mtu husema, "Mwisho wa siku elimu ni ufunguo wa maisha," na msikilizaji hubaki akijiuliza kama asubuhi elimu haifungui kitu. Kwa hesabu ya Waswahili siku huisha jua lichwapo, na papo hapo siku nyingine huanza. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule uitanguliao Ijumaa yenyewe. Mwisho wa siku, basi, ni saa ya magharibi, kuku waingiapo bandani. Aliyetaka kusema hatimaye, au mwishowe, au baada ya yote, alikuwa na maneno hayo tele ghalani, wala hakuhitaji kukopa.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu, nami ningeyaacha yaende zake, lau yasingefika penye njaa. Mpwa wangu alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Kwa miezi mitatu kila alipoulizwa hali katika simu aliwaandikia jamaa zake Tanga, "Kuna changamoto ndogo ndogo, lakini tunapambana." Jamaa wakamjibu kwa maneno ya ghala lile lile: pole, komaa, Mungu ni mwema. Maneno matupu yakajibiwa kwa maneno matupu, na pande zote mbili zikaridhika kwamba zimezungumza. Siku moja mama yangu, ambaye macho yake hayasomi tena herufi ndogo za simu, aliomba asomewe. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Mtoto huyu hakusema kitu. Mpigieni." Alipopewa simu hakuuliza habari za changamoto. Kwa utani wa bibi na mjukuu alimwuliza, "Mume wangu, jana ulikula nini?" Kijana akasema, "Chai." "Na juzi?" Hapo kijana akalia. Kazi ilikuwa imekwisha miezi mitatu iliyopita, na kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Juma halikupita kabla hajarudi nyumbani, akala, akaanza upya.

Nasema kwamba mwanamke yule alifanya uhakiki bora kuliko mwingi niusomao katika vitabu. Aliliona neno lililokauka, akalivua, akaweka mahali pake swali ambalo jibu lake ni jina la kitu: ugali, samaki, chai, au si kitu. Alijua pia kwa nini kijana alijifunika. Sitara ni jambo la heshima kwetu, na mwenye dhiki ana haki ya kuchagua nani aione. Ubaya wa neno changamoto ni kwamba ni nguo moja ivaliwayo na watu wawili wasiofanana. Mwenye njaa huifunikia aibu yake, na mwenye dhamana huifunikia uzembe wake. Ikiwa hatuwezi kuwatenganisha wawili hao kwa maneno yao, tutamhurumia asiyestahili na kumpita aliyeanguka.

Huenda msomaji akapinga kwamba lugha ni kitu hai, na kwamba kuchagua maneno namna hii ni kazi ya wazee wenye chongo. Ugeni wa neno si kosa, wala upya wake. Twala penye meza tuliyopewa na Wareno, kwa sahani iliyotoka kwa Waarabu, na katika sahani hiyo pana chapati kutoka Bara Hindi, na hakuna asemaye kwamba chakula hicho si cha kwetu. Wala kurudiwa mara nyingi hakutoshi kuliua neno. Maji na mama husemwa kila siku na hayachakai.

Tena kila zama ina maneno yake yatembeayo sana. Mwaka 1962 Julius Nyerere alilitwaa neno ujamaa kutoka katika nyumba, mahali pa baba, mama na watoto, akalipa kazi ya kuliongoza taifa. Lilirudiwa mno, na katika vinywa vingi likachoka. Hata hivyo lilikuwa na dai ndani yake: lilisema kwamba wananchi ni jamaa, na kwamba jamaa hawaachani na njaa. Mtu aliweza kulikubali dai hilo, na aliweza kulipinga. Lakini nani awezaye kuikubali au kuipinga changamoto? Hapo ndipo tofauti ilipo. Neno lenye dai hata likichoka lina mfupa. Lisilo na dai ni chicha tangu siku ya kwanza.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, laweza kutupatia istilahi. Tangu mwaka 2021 UNESCO nayo imeitenga tarehe 7 Julai iwe siku ya Kiswahili duniani, na siku hiyo ifikapo si ajabu kuwasikia wadau wakijadili changamoto na mchakato. Lakini hakuna baraza wala siku iwezayo kutupa ujasiri wa kukiita kitu kwa jina lake. Kazi hiyo ni ya kila msemaji na kila mwandishi. Kipimo chake si kigumu. Uandikapo sentensi, ifikirie imesomwa mbele ya mzee aliyekaa mkekani, asiye na haja ya kukusifu. Akiuliza, "Kitu gani hasa? Nani? Tangu lini?" nawe huna jibu, ifute. Akiitikia, "Ala! Basi tumpelekee unga," jua kwamba umesema.