Mundu Unaojua Kuacha

Katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, kando ya majani ya chai ya Kericho na Mufindi, siku hizi utaikuta pakiti ya rooibos kutoka Afrika Kusini. Wengi huinunua kwa kuwa haina kafeini, hivyo mtu huinywa usiku na usingizi ukaja. Ni sababu njema. Mimi lakini nataka kuisifu chai hii kwa ajili ya mikono ya watu wanaoivuna porini, katika milima ya Cederberg na nyanda za Suid Bokkeveld, kaskazini mwa Cape Town. Ufundi wao una hatua nyingi, ila moyo wake ni mmoja: kujua kiasi cha kuacha.

Kichaka chenyewe, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Aspalathus linearis, ni cha jamii ya kunde, na hakimei chenyewe popote duniani nje ya pembe hiyo ya Afrika Kusini. Makao yake ni magumu. Udongo ni mchanga usio na rutuba, mvua huja wakati wa baridi, na kiangazi ni kirefu na kikavu. Kichaka kimejifunza kuishi hapo. Mzizi wake mkuu hushuka mita 2 na zaidi kufuata unyevu, na vinundu vya mizizini hufuga bakteria wanaokiletea mbolea kutoka hewani. Matawi yake ni membamba, majani yake membamba zaidi, na maua yake madogo ni ya manjano.

Sehemu kubwa ya rooibos inayouzwa leo hulimwa kwa safu mashambani. Miche hupandwa, huvunwa kila mwaka, na baada ya miaka michache ya mavuno huchoka ikang'olewa. Ya porini ni habari nyingine. Ipo inayosimama wima na ipo inayotambaa, kila bonde na yake. Nyingi kati ya hizo, moto wa nyika ukishapita, huchipua upya kutoka kwenye shina lililojificha ardhini. Kichaka kimoja chaweza kuvunwa na baba, mwana na mjukuu, mradi asitokee mwenye pupa kati yao.

Msimu ni kiangazi cha huko, tangu Januari hadi Aprili hivi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunaji wa porini huinama siku nzima. Mkono mmoja hushika konzi ya matawi machanga, mwingine huupitisha mundu mara moja tu, bila kurudiarudia. Tuutazame mkato huo kwa karibu. Unapita juu ya matawi ya zamani yaliyokwisha kuwa mti mgumu, pale tawi linapokuwa bado changa. Ukishuka chini mno, kichaka huchelewa kuchipua au hufa kabisa. Baadhi ya matawi huachwa bila kuguswa, ili kichaka kisibaki uchi mbele ya jua la Februari. Kilichokatwa mwaka huu hupumzishwa mwaka unaofuata. Kilichoungua hupitwa mpaka kirudiwe na nguvu. Mbegu zikiwa bado hazijaanguka, mundu husubiri.

Wanaoijua kazi hii zaidi ni watu wenye asili ya Wakhoi na Wasani, wengi wao wakiwa na ardhi ndogo au bila ardhi kabisa. Katika miaka ya 2000, wakulima wadogo wa Suid Bokkeveld waliounda ushirika wa Heiveld walikaa na watafiti, wakalinganisha vipimo vya kitaalamu na yale waliyorithi kwa wazee wao, kisha wakayaandika yawe mwongozo wa uvunaji wa porini. Naliheshimu sana tendo hilo. Maarifa ya mikono hupotea kimyakimya, mzee mmoja baada ya mwingine. Hapa wenyewe ndio walioyakalia kikao, wakiwa bado na mundu mkononi.

Matawi yakishakatwa hufungwa matita na kuteremshwa, zamani kwa punda, siku hizi kwa gari pale barabara inapofika. Hapo ndipo kijani kinapogeuzwa chekundu. Zamani walikatakata matawi kwa shoka, wakayaponda kwa nyundo za mbao. Sasa pengi ipo mashine ya kukatia, ila lengo halijabadilika: kulijeruhi jani ili maji yake yakutane na hewa. Kisha majani yaliyokatwa hurundikwa fungu, hunyunyiziwa maji, hushindiliwa, na kuachwa usiku kucha. Anayejua kuvundika ndizi ataelewa mara moja. Fungu hujipasha joto lenyewe, na ndani yake kitu kinaiva bila kuonekana.

Saa za kuvundika hazisomwi ukutani. Usiku wenye baridi huchelewesha, usiku wenye joto huharakisha, na majani ya bonde hili hayaendi sawa na ya bonde lile. Fundi hutumbukiza mkono ndani ya fungu, huchota, hunusa. Mwanzo harufu ni ya nyasi mbichi. Baadaye huja utamu unaokaribia wa asali, na rangi huwa imekwisha kuiva. Akilifungua fungu mapema, chai itabaki na ukali wa nyasi. Akichelewa, ule utamu utakuwa umekwenda zake. Asubuhi majani hutandazwa uwanjani, tabaka jembamba, jua likayakausha upesi na kusimamisha kila kitu pale pale kilipofika. Kinachobaki ni kuchekecha na kufungasha. Huyu aliyejua mahali pa kukomesha mundu amejua pia mahali pa kukomesha joto. Kwangu mimi ni ujuzi uleule, umehama kutoka mkononi kwenda puani.

Hata kilimo cha rooibos kina deni kwa macho ya watu wa porini. Mwaka 1904 mfanyabiashara Benjamin Ginsberg alianza kuinunua chai hii kwa wakazi wa milimani na kuiuza mbali. Mahitaji yalipozidi, katika miaka ya 1930 daktari Pieter le Fras Nortier wa Clanwilliam alitafuta njia ya kuilima. Kikwazo kilikuwa mbegu: ganda lake ni gumu, na ganda la tunda likikauka hupasuka na kuirusha mchangani isionekane. Nortier aligundua kwamba mbegu ikikwaruzwa huota, na akawalipa wenyeji wamletee. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa Kikhoi alikuwa akileta nyingi kuliko wote. Aliona sisimizi wakizibeba, akawafuata hadi kwenye shimo lao, akakuta ghala. Kilimo chenye mashamba makubwa hivi leo kilianzia pia kwenye subira ya mtu aliyeinama kuwatazama wadudu.

Haki ya mwanamke huyo na ya watu wake ilichelewa mno. Mwaka 2019 ulitiwa saini mkataba unaowataka wasindikaji wa rooibos kulipa asilimia 1.5 ya bei ya shambani kwa jamii za Wakhoi na Wasani, kwa kutambua kwamba maarifa ya mmea huu yalikuwa yao kabla hayajawa biashara ya mtu mwingine. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulililinda jina la rooibos, lisitumiwe kwa majani yasiyotoka katika eneo lake la asili. Nazipongeza hatua zote mbili. Lakini sheria hailindi kichaka kilicho peke yake mlimani, wala hailindi nyika inayofyekwa ipandwe safu mpya. Ukame ukija, rooibos ya porini huvumilia kuliko ile ya shambani, na siku mashamba yatakapohitaji mbegu yenye ustahimilivu, itatafutwa huko huko nyikani. Anayekikata kichaka hadi chini kwa tamaa ya kilo moja ya ziada amekata na akiba hiyo.

Nasi huku tunalijua somo hili. Mganga hodari wa mitishamba habambui gome kuuzunguka mti mzima. Huchukua upande mmoja, akaondoka. Yeye na mvunaji wa Cederberg hawajaonana, lakini wangeelewana bila mkalimani.

Basi tukikuta rooibos ya porini imezidi bei ile ya shambani, tusione tumepunjwa. Fedha hiyo inanunua majani yaliyomo pakitini, na inanunua pia matawi ambayo mvunaji aliyaona, angeweza kuyakata, akayaacha. Hayo aliyoyaacha ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yatakayowapa wajukuu zake kazi na wajukuu wetu kikombe.