Nyuma ya Mtoto, Paka Ziwa

Kijiji cha Mwamgongo, kando ya Ziwa Tanganyika, hufikiwa kwa boti kutoka Kibirizi, Kigoma, ukishaipita Hifadhi ya Gombe. Kitabu cha picha kikifika huko, kimesafiri kweli. Ndiyo maana naupongeza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991: umewanoa waandishi na wachoraji, kisha umenunua nakala kwa wachapishaji na kuzigawa shuleni.

Lakini mkono wa pongezi hasa nampa mchoraji. Kazi yake si rahisi. Hebu mchore mtoto mwenye ualbino kwenye karatasi nyeupe: atapotea! Basi rangi humwagi juu yake. Unaimwaga nyuma yake, ziwa usiku wa dagaa, karabai zikiwaka. Mchana mvishe kofia pana, maana jua halina huruma. Neno "zeruzeru" lisiwemo. Awemo yeye, akiwarushia wenzake maji.