Utepe wa Mikromita 4

Fundi wa maabara ya patholojia huanza na barafu. Kipande cha tezi dume, kilichokwisha kugandishwa ndani ya nta, hulazwa juu yake mpaka nta ikaze. Kisha hukifunga kwenye mikrotomu na kuzungusha gurudumu polepole, kwa mwendo usiobadilika. Akiharakisha, mkato unakunjamana. Wembe ukiwa butu, mkato unachanika. Akitulia, unatoka utepe wenye unene wa mikromita 4, mwembamba kuliko upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Anaupokea kwa brashi, anautandaza juu ya maji ya uvuguvugu mpaka ujinyooshe, ndipo anapouopoa kwa kioo.

Nausifu mkono huu kwa sababu mengi tunayoyajua kuhusu saratani ya tezi dume yanautegemea. Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kuwa saratani ya tezi dume iliyosambaa hunywea mgonjwa akiondolewa testosteroni. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa miaka mingi maelezo yaliishia hapo: uvimbe umenyimwa homoni inayoukuza. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichunguza tezi zilizotolewa baada ya wagonjwa kupunguziwa homoni kwa wiki chache tu, wakakuta chembe T, askari wa kinga ya mwili, zimeingia kwa wingi.

Chembe hizo hazitambuliki kwa urahisi bila rangi. Fundi hudondosha kingamwili inayonasa protini ya CD3, na baada ya hatua kadhaa kila chembe T hugeuka kahawia, huku viini vya jirani vikibaki bluu. Sambamba na kioo cha mgonjwa hupitisha kipande cha findo la koo, ambalo siku zote limejaa chembe T. Findo lisipogeuka kahawia, kazi yote hurudiwa, hata kama kioo cha mgonjwa kinapendeza. Uaminifu huo ndio ninaoupenda kuliko yote.

Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioingia ndani zaidi: kipokezi cha homoni za kiume kimo ndani ya chembe T zenyewe, nacho huibana jeni ya interferoni gama, silaha yao kubwa. Kwa panya, kuzuia homoni hizo kuliongeza nguvu ya dawa za kuamsha kinga.

Hata hivyo, si kila chembe T inayoingia ni ya kupigana; nyingine huzizuia zile zinazopigana. CD3 haizitenganishi. Kwa hiyo fundi huirudisha nta ileile kwenye barafu, akakata upya kwa ajili ya kingamwili inayonasa FOXP3, protini inayotambulisha chembe hizo za kuzuia.